Mali Inayoonekana na Mali Inayofichika: Familia ya Usukuma katika Zama za Dhahabu

Mhadhara kwa wakazi wa Shinyanga



Mwezi Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui hapa jirani, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, mjiolojia wa Kanada aliyeitwa John Williamson, aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa na kung'arishwa zikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Jiwe lililotoka katika ardhi ya Wasukuma likaenda kupamba ndoa ya watu wa London. Swali langu la leo linawahusu waliobaki huku. Mawe haya, almasi kwanza na dhahabu baadaye, yamezifanyia nini ndoa za watu wa mahali yanapochimbwa?

Jibu tunalolisikia kanisani, msikitini na redioni ni kwamba usasa umevunja familia. Machimbo yamewaharibu vijana wa kiume, simu imewaharibu wasichana, na shule imewafundisha wake kujibizana na waume zao. Nimelisikiliza jibu hilo kwa muda mrefu na halijanishawishi. Familia ya Usukuma ipo. Kilichohama ni mali yake. Zamani mali ilikaa zizini, kila mpita njia akaiona na kuihesabu. Leo inakaa mfukoni, kwenye simu, kwenye kichupa chini ya godoro, na anayejua kiasi chake ni mtu mmoja. Mambo mengi tunayoyaita mmomonyoko wa maadili yanatoka hapo. Kama ninasema kweli, basi kuwakemea vijana ni kupoteza pumzi.

Nianze na zizi, maana wapo humu vijana ambao hawajawahi kuona mahari ikihesabiwa.

Kijana wa Kisukuma hakuoa peke yake. Ng'ombe wa mahari, bukwi, walitoka katika zizi la baba, kwa baba wadogo, na mara nyingi katika mahari ya dada yake aliyeolewa kabla yake. Walipofika upande wa pili waligawanywa vilevile: wa baba wa binti, wa wajomba, wa kaka anayejiandaa naye kuoa. Hesabu ilifanyika mbele ya watu, ng'ombe mmoja mmoja, huyu ana mimba, yule amevunjika pembe, na mabishano yaliweza kuchukua siku nzima. Ndoa ikivunjika ng'ombe walipaswa kurudi. Kwa kuwa walikwisha kutawanyika katika mazizi ya watu wengi, watu wengi walikuwa na sababu ya kutaka ndoa ile isimame. Mapenzi yangeweza kuwepo au kukosekana, lakini mashahidi walikuwepo daima. Watoto nao walifuata hesabu hiyohiyo: bukwi ikilipwa wakawa wa ukoo wa baba, isipolipwa wakabaki upande wa mama, na baba aliyewataka alidaiwa ng'ombe kwanza. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliyaweka mambo haya katika kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953.

Wapo wanaolizungumzia zizi hilo kana kwamba lilikuwa pepo. Halikuwa. Lilimlinda mke dhidi ya mume mpumbavu, na wakati huohuo likamfunga. Mwanamke aliyepigwa akakimbilia kwao aliweza kukuta baba yake amekwisha kuwatumia ng'ombe wale kumwozesha kaka yake. Hapakuwa na ng'ombe wa kurudisha. Akarudishwa yeye. Mali inayoonekana ina ukatili wake, kwa sababu wote wanaoiona wanajiona wana haki nayo, na mwenye mwili unaolipiwa ndiye wa mwisho kuulizwa.

Dhahabu haikuwa ya kwanza kuligusa zizi. Pamba ilitangulia. Wakulima wa Usukuma walipojenga vyama vyao vya ushirika chini ya watu kama Paul Bomani, hata ukazaliwa mwaka 1955 ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa, fedha taslimu ziliingia vijijini kwa wingi usiokuwa na mfano. Lakini angalieni fedha zile zilikwenda wapi. Zilinunua ng'ombe, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, mabati. Pesa ya pamba ilikuja mara moja kwa mwaka, kijiji kizima kilijua imekuja, na ndani ya miezi michache ilikuwa imegeuka kitu cha kuonekana. Baba alibaki baba.

Mwadui ilifanya jambo jingine, la kimya zaidi. Ilikuwa mji ndani ya uzio, wenye nyumba za kampuni, hospitali, shule na uwanja wake wa ndege. Nyumba ya kampuni alipewa mfanyakazi, mke wake na watoto wao. Ramani yake haikuwa na mahali pa baba mdogo, wala pa bibi, wala pa shikome, ule moto wa nje ambapo wanaume na wavulana walikaa jioni na mtoto akajifunza majina ya mababu zake. Familia za kwanza za baba, mama na watoto peke yao katika mkoa huu zilipangwa na wachoraji wa ramani za nyumba. Nadhani hilo limefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yote ya wamisionari.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, na hapa Shinyanga mwaka 1974 ndio unaokumbukwa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na malisho yake, zikapangwa kwenye mistari. Zizi likawa mbali na malisho. Waliokuwa na ng'ombe wengi walianza kutazama kusini, na katika miaka iliyofuata Wasukuma na mifugo yao wakafika Rukwa, Usangu, Morogoro, mpaka Lindi. Mzee akabaki Kishapu na makaburi, mwana akawa Rukwa na ng'ombe. Tunaposema machimbo yametenganisha baba na mtoto, tukumbuke kwamba malisho yaliwatenganisha kwanza, na serikali ikiwa na mkono wake ndani.

Sasa dhahabu. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi eneo lile likabaki la wakulima. Biashara ya madini ilipolegezwa, wachimbaji wadogo walimiminika. Bulyanhulu ikajaa watu, hadi mwezi Agosti 1996 walipoondolewa kupisha mgodi mkubwa. Mgodi wa Geita wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na huo wa mwisho ukafikia ukomo wake mwaka 2021. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu huko watu takribani milioni 1.7, sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3. Ongezeko la namna hiyo halitoki kwenye uzazi peke yake. Ni watu waliohama, wengi wao vijana, wengi wao bila wazee wao.

Naomba tukae kidogo kwenye machimbo ya wadogo, kwa sababu migodi mikubwa ina uzio na mishahara inayopita benki, na habari yake ni fupi. Habari ndefu iko Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, Mwakitolyo.

Rashi inapotokea, maana yake dhahabu imesikika mahali fulani, watu huhama usiku uleule. Anakwenda mwanamume peke yake, na jembe analoacha nyumbani linashikwa na mke. Kwenye machimbo kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, yaani shimo la kuchimba, anayegharamia kamba, magogo na chakula, na kuna wachimbaji wanaoshuka. Mara nyingi hakuna mshahara, ni mgao wa mawe. Mawe hugawanywa hadharani, mfuko kwa mfuko, kwa kelele, kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake. Mpaka hapo tungeweza kusema ni mahari inahesabiwa. Lakini mfuko ukishafika kwenye karasha, ukasagwa, ukaoshwa mwaloni na dhahabu ikakamatwa na zebaki, kinachobaki mkononi ni kipande kinachoenea kwenye kisoda. Na kuanzia hapo hakuna shahidi. Mke aliyeko Maswa hajui kama mumewe amepata au amekosa. Baba hajui. Wadogo zake wanaosubiri ada hawajui. Ng'ombe hafichiki kwenye kisoda.

Tena mchimbaji ana sababu ya kuficha. Akitangaza kwamba amepata, simu zinaanza: kuna msiba, kuna shangazi amelazwa, kuna mdogo wake anataka kuoa. Madai hayo yote ni ya haki kwa kanuni za zizi, ila kanuni hizo zilitungwa kwa mali inayozaa kila mwaka, na duara linaweza kutoa leo na kukauka miaka mitatu. Kijana anayemaliza pesa Katoro kwa siku nne tunamwita mjinga. Wengine ni wajinga kweli. Lakini wako wanaoimaliza haraka kwa sababu pesa iliyokwisha kutumika haiwezi kuombwa na mtu. Ni njia mbaya ya kupumzika na ukoo, na mtu aliyechoka hachagui sana.

Upande wa wanawake wa machimbo tumeusema vibaya zaidi. Mwanamke akionekana kambini, jina lake limekwisha kupatikana kabla hajashusha mzigo. Deborah Bryceson na wenzake, waliofanya utafiti katika makazi ya wachimbaji wa dhahabu nchini mwetu, waliuliza katika makala yao ya mwaka 2013 kama mahusiano ya kule ni ukahaba au ni ushirika, na walichokuta hakikuingia vizuri kwenye neno lolote kati ya hayo mawili. Wapo wanaokaa pamoja, wakachangia kodi ya chumba na chakula, wakatunzana katika ugonjwa, bila mahari na bila wazee kuarifiwa. Mwanamke yuleyule anauza wali asubuhi, mchana ananunua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na jioni anadai fedha zake kwa watu watatu. Wapo wenye makarasha. Wapo wenye leseni. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kimekuwepo tangu mwaka 1997. Wengi wao walifika machimboni wakikimbia jambo: ndoa ya utotoni, talaka, shemeji aliyechukua nyumba. Mali inayofichika iliyomnyima mke wa Maswa ndiyo iliyompa mwanamke wa Rwamgasa nafasi ya kuwa na chake bila kuomba ruhusa. Anayetaka kuhukumu zama hizi aanze kwa kuliweka hilo kwenye mizani.

Lakini mwanamke huyo ana hatari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, inachukuliwa kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtaani utasikia miezi sita, sahau. Ni miaka miwili, na maneno yale ya mwisho ni mlango ulio wazi. Mwanamume akifa shimoni, ndugu zake wakifika kutoka kijijini, wanathibitisha vinginevyo mchana kweupe: hatumjui huyu, hatukulipa mahari, sisi tuna mke wake nyumbani. Machimboni watu huhamahama; majirani waliowatambua wako Chunya sasa. Shahidi hayupo.

Nitoke nje ya nchi kidogo, kwa ndugu zetu wa Ghuba. Si wageni kwetu. Waarabu wa Oman walikuwa Tabora tangu karne ya 19, na wajukuu wao tumesoma nao na kununua dukani kwao. Huko Oman na nchi za jirani, mafuta yalifanya kwa familia kitu kinachofanana sana na kilichofanywa na dhahabu kwetu. Kabla yake mali ilikuwa mitende, ngamia, majahazi, zamu ya maji ya mfereji wa kijiji. Vitu ambavyo ukoo mzima uliviona. Mafuta yalikuja na mshahara wa serikali, nyumba ya mtu mmoja na akaunti ya benki. Wana wakahama kwa baba. Mahari na gharama za harusi zikapanda hadi vijana wakashindwa kuoa. Umoja wa Falme za Kiarabu ukaanzisha mfuko wa ndoa mwaka 1992 kuwasaidia, na mwaka 1997 ukatunga sheria kwamba mahari ya kutangulia isizidi dirhamu 20,000 na ya kuahirishwa isizidi 30,000. Wengine wanaicheka sheria hiyo, kwamba haiwezi kusimamiwa. Kwangu cha maana ni kwamba dola ilikiri kuwa ukoo hauwezi tena kazi ile, ikaingia yenyewe na daftari na fedha.

Kwetu dola ilipokea dhahabu na ikawaachia koo mzigo uleule. Mgodi mkubwa hulipa mrabaha serikalini, hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 hutakiwa kuwa na mpango wa kuwahudumia wananchi wanaouzunguka. Madarasa yanajengwa, zahanati zinajengwa, na ni vizuri. Lakini mjane, mzee asiye na mtoto karibu na binti wa miaka 15 hawalali darasani. Na nitaje, bila kulifanya somo, kwamba wapo mabinti wa Tanzania wanaolea watoto wa watu huko Oman huku watoto wao wakilelewa na bibi. Mafuta ya kwao yameingia hata katika nyumba zetu.

Nimemtaja binti wa miaka 15 kwa makusudi. Takwimu zilizokuwa zikinukuliwa sana muongo uliopita ziliuweka mkoa wa Shinyanga mbele ya mikoa yote nchini kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 katika kila 100 waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na akiwa na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga katika Mahakama Kuu, na mwezi Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uleule wa 2016 Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Elimu kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Na mwezi Novemba 2021 serikali ikafungua tena mlango kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito.

Hizo ni sheria. Zizini mambo yalikwenda kwa hesabu nyingine. Mwaka wa ukame baba mwenye binti ana ng'ombe kadhaa wanaomngoja kwa jirani, na binti mweupe analeta wengi zaidi; aibu hiyo tunaijua wote na hatuisemi. Ninavyoona, kilichoanza kumbadilisha baba huyo si hofu ya miaka 30 jela. Ni binti wa jirani aliyemaliza shule, akapata kazi Kahama, na kila mwisho wa mwezi anatuma pesa kwa simu. Tangu huduma hizo zianze mwaka 2008, binti amekuwa na thamani isiyokwisha siku ya harusi. Tena pesa ile haipitii kwa baba kama zawadi za zamani. Inaingia moja kwa moja kwenye simu ya mama. Wazee wananung'unika, na nawaelewa. Lakini mama aliyelisha nyumba ile miaka 30 bila kushika shilingi yake hana sababu ya kununa pamoja nao.

Nifike kwa wajane, ambako ndiko ninakotaka kuonekana mkali.

Mwaka 1963, nchi changa yenye nia njema ya kuunganisha mila za makabila mengi iliziandika mila za upande wa baba kuwa tamko la sheria. Katika tamko lile mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Katika dunia ya zizi maneno hayo yalikuwa na mantiki yake. Ng'ombe ni wa ukoo, ukoo unabaki na ng'ombe na mjane pia, naye hapaswi kulala njaa. Lakini chukueni kanuni hiyo muipeleke kwenye nyumba ya mjini iliyojengwa na mke na mume kwa mishahara na biashara. Ndugu wa mume wanachukua nyumba na hawachukui wajibu. Kanuni ya mali inayoonekana imepachikwa kwenye mali isiyokuwa na shahidi, na anayelipa gharama ni mwanamke.

Hayo si mafumbo. Wajane wawili wa Kisukuma wa hapa hapa Shinyanga, waliofiwa na waume zao mwaka 1999 na mwaka 2000, waliondolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakiri kwamba kanuni zile zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, kwa kuhofia kwamba kila mila ingekuja kupingwa. Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Wanawake wawili wa Shinyanga waliifikisha hoja ya mirathi Geneva kwa sababu haikupata kikao cha kuimaliza nyumbani. Hakuna barabara iliyopewa jina lao mjini hapa, na sijui tunasubiri nini.

Kwa wale wanaosema mahakama zetu haziwezi kumwona mke, nawakumbusha kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ilikuwa talaka, si mirathi. Lakini majaji wale walifanya kitu ninachokitafuta leo: waliifanya kazi isiyoonekana ionekane na kuhesabiwa.

Kuna mauaji ya vikongwe, na siwezi kusema juu ya familia za huku nikayaruka. Macho mekundu ya bibi aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi yamegeuzwa ushahidi wa uchawi. Tuseme wazi: nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba, na nyuma ya mganga kuna mtu anayerithi. Tamaa ya utajiri wa ghafla ndiyo iliyowafanya wenzetu wenye ualbino wawindwe, hasa kuanzia mwaka 2007, hadi wazazi wakawapeleka watoto wao katika kituo cha Buhangija hapa mjini, wakawaacha huko ili wapate kuishi. Kwa upande wa wazee, Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini mzee mwenye kipato chake ni mzee anayehitajika nyumbani. Bara, na hasa mikoa hii inayotoa dhahabu, hatuna kisingizio cha kutolifikiria jambo hilo.

Je, tunaweza kutengeneza mashahidi wapya? Akina mama wamekwisha kuanza. Angalieni sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mezani mbele ya wanachama wote. Hakuna mzee wa mila aliyewafundisha, ila wamerudisha jambo lililokuwa jema katika zizi, yaani hesabu ya hadharani, na wakaacha lililokuwa baya, kwamba kinachohesabiwa hapo ni fedha na si binti wa mtu. Wanaume wa machimbo wanawacheka, halafu wanakuja kukopa.

Maombi yangu kwa hiyo ni ya daftari na kalamu. Wachungaji, masheikh na wazee wa mila: ndoa yoyote mnayoibariki isajiliwe, cheti kitoke, mke awe na nakala yake. Viongozi wa wachimbaji: leseni ndogo na mikataba ya maduara iwe na majina ya warithi, yaandikwe mtu akiwa mzima, kwa sababu duara haliagi. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama, na watano wakapatikana hai baada ya siku 41, watu walikwisha kuwakatia tamaa. Wengi hawapatikani. Halmashauri za vijiji: hati za kimila za ardhi ziandikwe majina mawili, na mwanamume anayekataa aeleze sababu mbele ya mkutano.

Na kwa waheshimiwa wabunge wa Shinyanga na Geita, nina ombi moja la mwisho. Tamko la mwaka 1963 na umri wa ndoa wa mwaka 1971 vinagusa nyumba za wapiga kura wenu kuliko bei ya dhahabu. Vipelekeni bungeni, vibadilishwe, na mkirudi kwenye mikutano yenu ya hadhara mtuambie mlipiga kura gani.